Uso wa Bosi

Kichwa cha tano nacho kikaharibika. Mkono uliteleza kidogo tu, na masharubu ya Bosi yakapanda mpaka jichoni. Mama akakitupa kwenye kopo pamoja na vile vinne vingine, akashusha pumzi, akachukua kichwa cha sita.

Kazi yake ilikuwa kupaka watu rangi za kucha. Aliweza kuchora ua kwenye kidole kidogo cha mguu huku mteja anacheka, anapokea simu na kumsema mumewe. Leo mkono ulikuwa umemgeuka. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, mlango wa saluni umefungwa kwa ndani, na saa nne kamili daktari angemfungua binti yake bandeji za macho.

Bosi alikuwa kisanamu cha plastiki, mrefu kama kidole gumba, wa aina ile inayokuja pamoja na matofali ya kuchezea. Binti, mwenye miaka tisa, alikuwa nao themanini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyebaki kama alivyotoka dukani. Aliwabadilisha miguu, akawabadilisha vichwa, akawapaka rangi za mama yake bila kuomba ruhusa. Kipenzi chake ndiye huyu Bosi: mwili wa zimamoto, nywele za bibi harusi, masharubu mazito, na nyusi moja iliyopanda juu kama ya mtu anayekuuliza ulikuwa wapi mpaka saa hizi. Uso ule binti aliuchora mwenyewe mwaka jana, kabla macho yake hayajaanza kuingia ukungu.

"Wakinifungua nataka nimwone Bosi kwanza," alisema siku ya upasuaji. "Halafu wewe. Usikasirike, mama."

"Nikasirike nini? Bosi ni bosi."

"Niahidi."

Akaahidi. Halafu jana jioni, akitaka Bosi apendeze, akampangusa vumbi kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda siku zote mbele ya wateja. Alipoinua pamba, uso wote ulikuwa umeondoka nayo, na plastiki imelainika na kufanya makunyanzi. Alilia pale pale kama aliyefiwa.

Kumwambia ukweli hakuweza. Mtoto alikuwa amekaa siku tisa gizani bila kulalamika, na ahadi ile ndiyo aliyoishikilia. Daktari naye hakuwaficha: huenda ataona, huenda asione, tutajua tukifungua. Ndiyo maana mama alikuwa akivunja shingo za visanamu wengine, akivigeuza vichwa vyao na kuchora upande wa kisogoni, ambako hakukuwa na kitu.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, aliyelala hospitali na mtoto.

"Dada, daktari ameshaingia wodini. Uko wapi?"

"Nakuja."

"Mtoto ananiuliza kila dakika. Nimwambie nini?"

"Mwambie niko getini."

"Uko getini kweli?"

"Wewe mwambie tu!"

Akakata simu, akaegemeza viwiko mezani, akabana pumzi. Masharubu. Jicho la kulia, la kushoto. Kisha nyusi, kwa ncha ya sindano. Akakilinganisha kichwa na picha iliyokuwa kwenye simu yake. Alikuwa Bosi. Au karibu awe Bosi, na hiyo karibu ndiyo iliyomtisha, kwa sababu mtoto yule alikuwa na jicho kali kuliko afisa wa forodha. Zamani, macho yakiwa mazima, kisanamu kimoja kilibadilishiwa mkono kwa bahati mbaya, naye akagundua akiwa bado mlangoni, begi la shule mgongoni.

Akamfunga Bosi kwenye karatasi laini, akamtia mfukoni, akakimbia. Kiatu kimoja kilikatika ukanda njiani, akavivua vyote viwili na kuendelea peku.

Alipofika wodini, wote walikuwa wamemzunguka mtoto kitandani: daktari, muuguzi, mama mdogo.

"Mama?"

"Nipo, mwanangu."

"Unahema."

"Ngazi zenu nyingi hapa."

"Umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

Daktari akafunga mapazia, akabandua plasta, akaanza kuzungusha bandeji, raundi moja baada ya nyingine. Mama akatia mkono mfukoni. Rangi haikuwa imekauka, na karatasi ilikuwa imegandia usoni pa Bosi. Akaanza kuibandua kwa ukucha, polepole. Mungu wangu, asijue tu. Asijue kuwa nimemdanganya.

Pamba ya mwisho ikatoka. Mtoto akafumbua macho. Yakajaa machozi, akapepesa, akapepesa tena, kisha akageuza uso upande wa mama yake.

"Huyu hapa, mwanangu," mama akawahi kusema.

Mtoto akatulia kidogo. Halafu uso wake wote ukachanua.

"Ndiye!" akasema. "Ndiye Bosi wangu! Na nyusi yake vilevile. Namwona, mama. Namwona vizuri kabisa!"

Mama mdogo akamkumbatia daktari kabla hajafikiria anamkumbatia nani. Muuguzi akapiga makofi. Daktari mwenyewe, mtu asiyejulikana kwa kucheka, akacheka.

Mama peke yake hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado mfukoni, na Bosi alikuwa bado ndani ya karatasi.