Mkono Kizimbani

Mwalimu wa hesabu na fizikia alikuja maabara kudai funguo za nyumba, baada ya kumwacha mkewe na kumuoa mdogo wa mke huyo, wa tumbo moja.

Alimkuta mtalaka wake mbele ya kizimba cha mbu, hajakibandika bado utepe mwekundu wa hatari.

“Bado unaviita vidudu hivi vekta?” mwanamume alicheka. “Kwenye hesabu vekta ni mshale. Kwenye fizikia ni nguvu yenye mwelekeo. Hivi vyako vinajua kupiga kelele tu!”

“Vyangu hubeba ugonjwa,” alijibu taratibu.

“Mbona nilikuwa navilisha kwa mkono huu, ukinisifu?”

Akakunja shati, akapenyeza mkono kizimbani kwa mbwembwe, kama enzi za uchumba, walipofuga mbu wasio na ugonjwa.

Mbu wa leo walikuwa na malaria. Neno moja tu lingemzuia, nalo lilimfika mwanamke kooni. Kisha akaiona pete mpya kidoleni. Akalimeza.

Mbu wakatua kwenye mishipa, matumbo yakivimba polepole kwa wekundu.

“Na mdogo wangu, hajambo?” aliuliza, akimsogezea kiti.