Shairi la Ukuta wa Soko

"Fundi, leo ikionekana hata herufi moja, kazi huna," msimamizi alisema, ameshika ngazi kule chini.

Ilikuwa mara ya nne fundi rangi kulifuta shairi lile, na mgongo ulimuuma. Safari iliyopita rangi ilizidishwa maji, kesho yake herufi zikachungulia. Leo ilikuwa nzito, ya kufunika hata dhambi.

Akachovya brashi, akasoma kwa sauti ya uchovu: "Bei imepanda ngazi, sisi tumeishikilia."

Akatazama chini. "Mkuu, mbona kama umetajwa?"

Msimamizi aliangalia mikono yake iliyoshika ngazi, akaangalia ukuta. Hakucheka.

"Rangi hiyo nzito mno, ndugu yangu," akasema mwishowe. "Ngoja nikuletee maji."