Siku Tatu kwa Ibu Sumarni

"Weka chini hilo fagio," alisema Ibu Sumarni. "Leo hufagii. Leo tunatembea."

Jerioth aliliachia shingo upande. Tangu alfajiri alikuwa akitafuta kazi ya kufanya, na kila alipoipata, yule bibi alimnyang'anya. Kazi ndiyo iliyokuwa kinga yake. Bila kazi, angeonekana wa nini?

Alikuwa na wiki kumi na moja tu nyumbani kwa Madam Rawan, Riyadh. Miezi mitatu ya majaribio ilikaribia kwisha. Madam angemweka, ama angemrudisha kwa mawakala apangiwe nyumba nyingine, na nyumba nyingine hujui ya nani. Siku moja kabla ya safari alimsikia madam akimwambia mumewe, "Tutaamua tukifika huko."

Huko ndiko hapa: mji mdogo wa milimani, kisiwani Java, ndege mbili kupitia Jeddah. Madam na mumewe walimshusha mlangoni kwa Ibu Sumarni pamoja na Lulwa, binti yao wa miaka miwili, kisha wakaenda zao Bali.

"Siku tatu," madam alisema dirishani. "Fanya atakachokuambia."

Ibu Sumarni, maana Ibu kwao ni mama, alikuwa mfupi, mcheshi, wa miaka sitini na kitu. Kiarabu kilimtoka bila kukwama, ila kwa Jerioth alikisema polepole, neno moja moja.

"Ulijifunza wapi Kiarabu, Ibu?"

"Jeddah, mwanangu."

Ukutani palikuwa na picha ya wasichana kumi wa Kijava waliovaa mabaibui, bahari ya Jeddah nyuma yao. "Hao wote walitoka hapa hapa," Ibu alisema kwa fahari.

Jerioth akaelewa yuko kwa nani. Riyadh nzima wasichana wa Indonesia walisifiwa. Huyu ndiye aliyekuwa akiwapeleka, na madam alikuja kujichagulia mwingine.

Basi akajiambia, kama ni kurudishwa, arudishwe akiwa ameona dunia. Akambeba Lulwa, akamfuata Ibu.

Na mji ulikuwa mtamu. Hapakuwa na honi. Watu waliketi barazani na chai zao, na kila mmoja alimwita Ibu kwa jina. Ibu alisimama kwa kila mmoja. "Mgeni wangu," alisema akimwelekeza Jerioth mbele, "kutoka Kenya." Mshona viatu aliacha sindano akaja kumpa mkono. Mwuza tofu ya soya alimlisha vipande vitatu bila kuuliza kama ana njaa. Jerioth, ambaye tangu atoke nyumbani hakuna aliyemwita mgeni, alijikuta akicheka kwa sauti.

Siku ya pili walipanda kwenye mashamba ya chai. Baridi ilikuwa ile ile ya kwao Kangema. Jerioth hakungoja kuambiwa: aliingia mistarini, akachuma kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka wachumaji wenyewe wakaacha kazi wakampigia makofi.

Mambo yaliharibika siku ya tatu, sokoni. Walikuwa wakinunua tambi za mchuzi mzito. Lulwa aliteleza kutoka kwenye benchi, akanyoosha mkono kwenye sufuria inayochemka.

"Wewe! Wacha!" Jerioth alimdaka mkono, akamfokea kwa Kiswahili, soko zima likageuka. Mtoto aliangua kilio. Kisha akamkumbatia yule yule aliyemfokea, akaficha uso shingoni mwake.

Jerioth kule Riyadh hakuwahi kumpandishia sauti mtoto yule. Na Ibu alikuwa ameona yote.

"Umemwambia nini?" Ibu aliuliza.

"Nimemwambia..." Jerioth alimfuta mtoto machozi. "Nimemwambia akirudia nitamfunga mgongoni."

"Basi mfunge."

Ibu alivua kitambaa kirefu begani mwake. Jerioth aliinama, akamtupa mtoto mgongoni, akakaza fundo kifuani kama alivyowabeba wadogo zake. Hata hawajatoka sokoni, Lulwa alikuwa amelala.

Jioni hiyo Ibu alitoka uani na simu. Jerioth, akiosha vikombe ambavyo safari hii hakunyang'anywa, alisikia Kiarabu cha haraka, na ndani yake maneno aliyoyajua: mtoto, sufuria, Mkenya. Mwishoni Ibu alisema, "Halas, basi. Njoo asubuhi."

Jerioth alifunga begi lake. Hakulia. Alijiambia siku tatu za kuwa mgeni si haba.

Gari lilifika chai ikiwa bado mezani. Jerioth alisimama mlangoni, Lulwa mkononi, akiwa amejiandaa kusema kwamba sufuria ile ilikuwa ya moto kweli kweli. Lakini Madam Rawan alimpita. Yule madam asiyeinama kuokota hata leso yake alipiga magoti sakafuni mbele ya Ibu Sumarni, akambusu mkono, kisha akaulaza uso wake kwenye paja la yule bibi.

"Enhe, Mama," alisema. "Umemwonaje?"

"Mwache abaki na mtoto," Ibu Sumarni alijibu, akimpapasa nywele. "Mama yako aliponikabidhi wewe kule Jeddah, nilikuwa sijui hata kukuogesha, na bado ulikua."