Kidonge cha Tano

Kidonge cha tano nilikataa katakata. Midomo ilikuwa imevimba, vipele vimenitapakaa mwili mzima, na kifua kilianza kunibana. Karatasi ya ndani ya pakiti inasema wazi: ukiona dalili hizi, acha dawa, wahi hospitali. Niliwasomea majirani kwa sauti, neno kwa neno!

Lakini eti sheria ni sheria. Mtu asipomaliza dozi ya antibiotiki, nyumba kumi zote za jirani zinanyimwa dawa hiyo mwaka mzima. Ndiyo maana kila baada ya saa nane wanajazana sebuleni kwangu kunitazama nikimeza, kisha wananikagua chini ya ulimi kama mtoto aliyeiba sukari.

"Vumilia, mwanangu," alisema Bi Sauda, balozi wetu wa nyumba kumi. "Vimebaki kumi na saba tu."

"Na nikifa je? Si nitakuwa sijamaliza?"

"Marehemu hahesabiwi," akajibu, wala hakupepesa macho.

Mama Rehani alisimama mlangoni, mtoto mgongoni akihema kwa nimonia. Dozi ya mtoto huyo ilikuwa ianze kesho yake. Hakuthubutu kunitazama.

Nikamgeukia Kibwana, mume wangu wa miaka kumi na miwili. "Wewe umekaa tu? Watoe watu hawa, unipeleke hospitali!"

Akainuka, akaingia jikoni. Nikajua anafuata simu.

Alirudi na kikombe changu cha maji.

"Nimeyapoza, mke wangu," akasema kwa upole.