Mshale wa Nyumbani

Baharia kutoka Mkuza aliweka saa mbili za mkononi mkekani, yake na ya mwenzake wa melini, marehemu mume wa Mwanahalima.

"Yangu nyepesi, shemeji. Marehemu akinicheka, akisema yake nzito lakini haikosei. Tangu tumzike naivaa yake isisimame. Mshale mweupe unafuata ulipo, mwekundu haubanduki saa za nyumbani."

Mwanahalima aliishika. Unywele mmoja wa mumewe ulikuwa umenasa kwenye mkanda wa chuma. Hakusikia uchungu wowote.

Kwenye saa ya baharia mishale hiyo miwili ililaliana. Kwenye ya mumewe, mwekundu ulikuwa mbele kwa saa mbili.

"Hapa ni nyumbani wapi?"

Baharia aliinama. "Karachi, shemeji."

"Watoto wangapi?"