Pingamizi la Honoria

Kasisi alipotangaza ndoa ya Lodi na Honoria, Honoria mwenyewe alikuwa kwenye benchi la nyuma akibandua nta iliyogandia glavu yake. Miaka arobaini hajaolewa, anafuga nyuki wake na hamwombi mtu chumvi. Leo anasikia pamoja na kijiji kizima kwamba ni mchumba wa mtu!

Lodi, mwenye farasi aliyerudi vitani, alikuwa kwenye kiti cha mbele, macho mekundu kwa brandi, akitabasamu kama aliyetoa sadaka.

"Mwenye pingamizi aseme," akasema kasisi.

Honoria akasimama. "Mimi hapa."

"Lakini Bi Honoria, bibi harusi si wewe?"

"Ndiyo kwanza nasikia. Lodi hata farasi wake humbembeleza kabla ya kumtia hatamu. Mimi hata barua sikupata."

Kanisa likaguna. Lodi akainuka, akaja hadi nyuma, akapiga goti kwenye mawe. Mikono ilimtetemeka, kama inavyomtetemeka tangu arudi vitani.

"Basi nakuuliza."

Honoria akaitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Unanuka pombe," akasema.

Kisha akakusanya sketi yake, akasogea kidogo kwenye benchi kumpa nafasi ya kuketi.