Kengele ya Vidonge

Itangazwe mji mzima kwamba jioni hii Bi Mwanahija atameza vidonge vyake mbele ya Serikali. Serikali yenyewe ni binti yake Tumu, aliyerudi likizo kutoka bweni na sasa anagonga sufuria kwa mwiko kama kengele ya shule.

Saratani ya titi ilikuwa imerudi, na sindano zimeshindwa. Daktari alikuwa amebakiwa na vidonge hivi tu, viwili asubuhi na viwili jioni.

"Inua ulimi," Tumu aliamuru.

"Ndiyo, afande."

Dawa ilikuwa imembabua mama viganja, hata kikombe cha uji alikishika kwa kanga. Aliinua ulimi. Hapakuwa na kitu. Tumu akapiga saluti.

Muda mfupi baadaye alimwona mama akitema kwenye kopo la mshubiri dirishani. Alichimbua kwa kijiko, akakuta vidonge vya wiki nzima.

"Nani kakufundisha, Mama?"

"Si wewe? Mnavyomdanganya matroni, kidonge kati ya shavu na fizi." Alitazama viganja vyake. "Nilitaka vipone kidogo, nikusuke kabla hujarudi shule."

Nakiri: Tumu ni mimi. Ujanja ule nilimwonyesha mwenyewe, tukacheka hadi uji ukamwagika.

Sasa ni asubuhi. Vidonge viwili viko kwenye kisahani, na kando yake mama ameweka kitana. Mwiko uko mkononi mwangu. Bado sijagonga.